Mafua Katika Nyumba ya Kima

Wenzake kazini walimwita Mama Kima, na hakukasirika, maana kima wote wa maabara ile aliwalea yeye tangu wachanga. Walikuwa wa kujaribia chanjo ya Ukimwi. Daktari mkuu, mume wa dada yake na ndiye aliyemwingiza kazini, alimweleza mapema kabisa.

"Tunachukua kirusi cha mafua, shemeji, tunaking'oa meno, tunakitwika kipande cha kirusi cha Ukimwi. Mwili ukikiona hicho kipande, unajifunza kupigana. Lakini kama mwili unamjua mbebaji tangu zamani, unamtimua mlangoni. Mzigo haufiki."

Ndiyo maana mwenye mafua alipigwa marufuku kuingia bandani mwa kima.

Wiki chache kabla ya sindano, Mama Kima akaamka pua inachuruzika. Akapiga simu kuomba ruhusa.

"Usiniangushe, shemeji," daktari akamwambia. "Mwenzako yuko likizo, wafadhili wanakuja. Vaa barakoa mbili, uje. Mkubwa hapa si mimi? Nani atakuuliza?"

Akaenda. Angebishana vipi na mume wa dada yake?

Kima wakapiga chafya, wakapona, wakachanjwa. Chanjo ikagonga mwamba. Damu iliyotolewa asubuhi ya sindano ilipopimwa, ikaonekana miili yao ilikwisha kumjua mbebaji.

Kikaoni mwenyekiti wa wafadhili akauliza nani aliingia bandani na mafua. Kwa heshima, Mama Kima akamwachia shemeji yake aseme mwenyewe. Daktari akajikohoza.

"Mtunzaji alituficha. Ningejua, ningemrudisha nyumbani."

"Shemeji! Si nilikupigia simu?"

"Mimi? Labda ulimpigia mwingine," akajibu, macho yakiwa mezani.

Wakamwamini mwenye koti jeupe. Mama Kima akaachishwa kazi papo hapo, na kima wake hakuruhusiwa hata kuwaaga. Alilia njia nzima bila kujificha. Adui angemsamehe, lakini huyu! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili daktari akabisha hodi kwake, mfuko mzito mkononi.

"Fungua, shemeji. Ilinibidi, mradi mzima ungekufa. Nimekuletea kitu. Tazama kwanza ni nini, ndipo unikasirikie."

Mama Kima akamwangalia kupitia dirisha. Mfuko hakuutazama.

"Wewe nakujua sasa," akasema, akaukomea mlango.