Mtu wa Kupigiwa

Mzee Kelestini alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko zote: yeye haibiwi kwa simu. Pale Kivukoni waliotapeliwa wapo, tena watu wazima na akili zao. Jirani yake Eustaki mwaka jana alipigiwa na sauti ya kike, ikamwambia mjukuu wake ameanguka shuleni, amevunjika mguu, atume hela ya operesheni upesi. Akatuma. Mjukuu akarudi saa nane mchana anakimbiza tairi, miguu yote miwili mizima. Kelestini aliicheka habari hiyo miezi mitatu, na kila alipokutana na Eustaki alimwuliza mguu unaendeleaje.

Kwa hiyo asubuhi ile ya mwezi wa nane, simu yake ilipoita kwa namba ndefu asiyoijua, mzee alifurahi kabisa. Walikuwa wamekaa yeye na Eustaki kwenye vigoda, mpunga umeanikwa mbele yao juu ya turubai, kazi yao kufukuza kuku. Akaweka spika ili jirani asikie na ajifunze.

"Jambo, papa," ikasema sauti ya kijana. "Ni wewe papa ya Digna?"

Kelestini akamkonyeza Eustaki. Kijana anampigia mtu wa miaka sitini na nane, shikamoo hana. Na Kiswahili chenyewe, baba amekuwa papa, kimepinda kama cha mtu aliyejifunzia njiani. Matapeli wa siku hizi hata kazi yao hawaiheshimu.

"Endelea," akasema.

"Mimi ni Polycarp. Digna iko huku kwetu, anataka kuingia mu mto. Ameandika jina yako kwenye fomu: kama kunatokea shida, tukuite wewe. Nilitaka tu kujua kama namba inapatikana."

Sasa Digna, binti yake wa pekee, muuguzi wa zahanati, mwenye miaka thelathini na mitano, alikuwa Dodoma kwenye semina. Ameaga mwenyewe siku tano zilizopita, kwa heshima zote, wiki mbili za semina. Na Dodoma, jamani, kuna mto gani wa kumwandikisha mtu fomu? Kelestini alikohoa kidogo, akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Kijana, mimi sina mtoto wa jina hilo," akasema taratibu. "Na kama mnaye huyo Digna wenu, mtumbukizeni."

Eustaki alicheka mpaka akaanza kukohoa. "Papa, una hakika?" kijana akauliza. "Sina mtoto," akajibu Kelestini, akakata.

Utamu wa jambo kama hilo hauliwi na watu wawili. Hapohapo akampigia Restuta, mdogo wa marehemu mke wake, ambaye anauza samaki soko la Ifakara na ana kicheko cha kusikika mpaka stendi. Akamsimulia yote, na sauti ya kijana akaiigiza. Restuta hakucheka.

"Shemeji, hiyo namba inaanza na ngapi?"

"Mbili, sita, sifuri."

"Shemeji, hiyo ni Zambia. Digna yuko Zambia."

Mzee alimwachia Eustaki mpunga na kuku, akapanda baiskeli. Kutoka kwake hadi sokoni si mbali, lakini siku hiyo pedali zilikuwa nzito, na aliowapita njiani wakimwamkia hakuwaitikia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkuta Restuta amesimama nyuma ya meza yake ya perege na kitoga, ameshavua aproni.

Basi Restuta akasema yote, maana kuficha kulikuwa kumeshakwisha faida. Digna hakwenda Dodoma. Alipanda treni ya TAZARA palepale Ifakara, usiku, na begi la mgongoni kubwa kama gunia, akaenda nayo mpaka reli inapoishia, kisha mabasi. Analala kwenye nyumba za wageni zenye vitanda vya kupandiana, chumba kimoja vijana wa mataifa yote. Ana likizo ambayo hakuichukua miaka sita.

"Kuna msiba huko?" akauliza Kelestini.

"Hakuna."

"Anauza nini?"

"Hauzi kitu, shemeji."

"Mwenyeji wake nani?"

"Hana mwenyeji. Ndicho alichokuwa anakitaka. Aliniambia, mama mdogo, tangu nizaliwe sijawahi kufika mahali ambapo hakuna mtu ananisubiri."

Kelestini alilizungusha neno hilo kichwani, likamshinda. Kwa akili yake, mtu anasafiri kwa sababu amezika, au anauguza, au ana mpunga wa kuuza, na akifika yupo wa kumpokea begi na kumwonyesha maji ya kuoga. Mtu asiye na mwenyeji ni mtu aliyepotea. Ndivyo alivyojua.

"Na huo mto?"

"Wanapanda mashua ya mpira, wanashuka nayo kwenye maporomoko."

"Kwa bahati mbaya?"

"Kwa makusudi. Wanalipia. Kuogelea alijifunza alipokuwa masomoni Morogoro, ila hakukuambia."

Hapo mzee alikaa. Hakuchagua pa kukaa, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Watu wengine wakisikia mto wanaona maji; Kelestini anaona vitu vingine. Kabla daraja halijajengwa alivusha watu pale Kivukoni kwa mtumbwi miaka thelathini, na mtu alipozama, ni yeye aliyeitwa. Waliopatikana aliwatoa kwa mikono yake. Kisha akavaa shati kavu, akaenda mwenyewe kwa wazazi, kama ni Lupiro basi Lupiro, kwa sababu ndiye aliyejua namna ya kusema. Hausemi amekufa. Unasema kijana hali yake si nzuri, jiandaeni twende. Wazazi wanajua, lakini wanapata njia ya kutembea mpaka alipo mtoto wao. Na kwa yale aliyoyaona, binti yake mwenyewe hakumruhusu kukanyaga mtumbwi hata uliofungwa kwenye mti.

Na leo amesema mtumbukizeni. Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka.

Kama ilivyo kawaida ya mtu mwenye aibu, akatafuta wa kumgombeza. "Mmenidanganya," akamwambia Restuta. "Wewe na yeye. Mmenikalisha kama mtoto. Angeniaga vizuri, ningemkataza?"

"Ungemkataza."

"Ningekataa nini? Mtu mzima yule."

"Shemeji, tangu dada afariki, Digna akisema anakwenda hata Mngeta kwenye harusi, siku hiyohiyo presha yako inapanda. Akiahirisha, inashuka. Nani hajui?"

Mzee alitazama samaki. Kwa kweli presha ilikuwa inapanda, hakuigiza. Lakini ilikuwa inashuka pia, na hilo hakuwahi kulifikiria.

Wakaanza kutafuta. Simu ya Digna haikupatikana. Ujumbe aliomtumia Restuta ulibaki na tiki moja, ya kijivu, yaani haujafika. Wakaipigia ile namba ndefu. Vocha ikayeyuka wakati mwanamke wa upande wa pili anaeleza kwa Kiingereza, na Restuta kwa Kiingereza chake cha darasa la saba akaokota alichoweza. Wameshaondoka. Polycarp yuko nao. Simu za wageni zimefungiwa ofisini, hakuna anayeingia nayo mtoni. Watarudi saa kumi.

"Muulize kama yule kijana alimwambia Digna nilichosema," akasema Kelestini. Lakini laini ilikuwa imekatika.

Hicho ndicho kilichomkalia kifuani siku nzima. Mto, sawa, mto una mambo yake na Mungu wake. Lakini kama Polycarp alifikisha maneno, basi binti ameingia kwenye maji akijua baba yake amemkana. Hajamkasirikia tu, amemkana, na kusema atumbukizwe. Na kama hatatoka, atakuwa amekwenda na hilo. Kelestini alimpenda Digna kuliko kitu chochote kilichobaki duniani, na hakumbuki kama amewahi kumwambia.

Restuta akamwonyesha namna ya kutuma sauti: unabonyeza, unashikilia, unasema, unaachia. Mara ya kwanza mzee alianza, "Digna, hivi wewe una akili kweli," akaendelea hivyo dakika nzima, Restuta akaufuta ujumbe bila kumwuliza. Mara ya pili alishikilia kitufe akakosa neno, zikaingia kelele za soko na mtu anayeuliza bei ya kitoga. Mara ya tatu akageukia ukuta.

"Digna. Mimi baba yako. Yule kijana nilidhani tapeli. Mtoto ninaye. Ninaye mmoja, ndiye wewe." Akaachia. Tiki moja.

Saa sita ikapita, na saa saba. Eustaki akampigia kusema kuku wamemshinda, Kelestini akamjibu waache wale. Restuta akamletea wali na perege, ukapoa hapohapo. Wateja walikuja, walikwenda. Kila baada ya muda mzee aliomba simu ya shemeji yake aitazame ile tiki, akairudisha. Alihesabu: kama wanarudi saa kumi, basi saa tisa bado wako majini. Akaomba saa tisa ipite kimya.

Saa tisa na robo simu yake ikaita. Mbili, sita, sifuri.

Mapema mno. Kelestini aliijua maana ya mapema hiyo. Habari njema haina haraka, inasubiri watu waoge na wale kwanza. Inayokuja kabla ya saa yake ni ile nyingine. Simu ikaita mkononi mwake, ikaita, kidole kikakataa. Miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa mlangoni anapiga hodi. Hakuwahi kuwa yule wa ndani, na sasa akaelewa kwa nini wengine walikuwa wanachelewa kufungua. Simu ikanyamaza.

"Shemeji, pokea!" Restuta akamshika bega.

"Sitaki kusikia."

"Usipopokea atakuwa mzima? Pokea."

Ikaita tena. Akapokea, akaiweka sikioni.

"Papa, usikate," ikasema sauti ya Polycarp.

Akafumba macho. Ndivyo inavyoanza. Alisubiri aambiwe hali yake si nzuri.

"Shikamoo, baba."

Kelestini alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Restuta alipoona vile akadhani mambo yameharibika, akaanza kulia, ikabidi mzee amwashirie kwa mkono kwamba sivyo, huku na yeye mwenyewe machozi yanamshuka mbele ya meza ya samaki, watu wazima wanamtazama.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Umetoka?"

"Nimetoka. Tumemaliza mapema, maji yalikuwa na kasi. Mashua ilipinduka mara mbili. Baba, nimeambiwa mmepiga simu ofisini, nikajua mmeshajua. Nisamehe nilikudanganya."

"Yule kijana alikuambia nilichosema?"

Nyuma ya Digna watu walikuwa wanacheka na kuvuta vitu vya plastiki.

"Aliniambia. Alisema polepole, alikuwa na huruma. Papa yako amesema hana mtoto, basi tuandike jina ya nani?"

"Nilidhani tapeli, Digna. Nilikuwa nafanya mzaha na Eustaki. Wallahi, ulikuwa mzaha." Yeye Mkatoliki wa kubatizwa, lakini kiapo kilichokuja mdomoni ndicho hicho. "Ukaandika nani? Mama yako mdogo?"

"Sikuandika mwingine. Nilimwambia aache lako."

"Na huku nimekukana?"

"Nilijua umekasirika. Lakini ningezama, ungekuja kunitoa. Umewaendea watoto wa watu wote, baba. Mimi ungeniacha?"

Kelestini alijifuta uso kwa ncha ya shati, akamgeuzia Restuta mgongo. Alitaka kumwambia apande basi kesho asubuhi arudi nyumbani, na alijua kwamba akisema hivyo atarudi, kwa sababu ndivyo alivyomlea.

"Baba, kuna jambo jingine. Safari hii nakuaga. Kesho kuna daraja hapa, refu sana. Wanakufunga kamba miguuni unaruka. Nalo lina fomu. Ukisema nisiruke, siruki."

Mzee alisikia moyo unamgonga mpaka shingoni. Presha hiyo, inapanda. Aliiacha ipande.

"Unaruka saa ngapi?"

"Saa nne, kwa saa za nyumbani."

"Andika jina langu," akasema Kelestini. "Wakipiga, nitapokea."