Kata, Usikate

Wahenga walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nevena alifika kwa baba yake mwezi wa kumi. Siku ya tatu ikapita, ya kumi ikapita, ya thelathini nayo ikapita, na jembe hakupewa. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, aliyezaliwa ndani ya nyumba ile ile, anaingia jikoni akitoka kufungia kuku, na baba yake, mzee Radko, anainuka kitini: "Karibu, karibu. Kaa hapa." Kaa hapa! Kwao!

Miaka kumi na tisa alikuwa Italia akiwaogesha wazee wa watu. Si jambo la ajabu, nusu ya kijiji kile imekwenda huko huko, na nyumba zimebaki na kufuli milangoni na viota vya korongo juu ya mabomba ya moshi. Bibi wa mwisho aliyekuwa akimtunza alipofariki, Nevena alifunga mizigo, akasema basi, sasa nakwenda kumtunza wangu. Njia nzima alijiona anakama mbuzi, anapalilia pilipili, na baba anamfokea kama zamani: "We Nevena! Mlango wa zizi umeufunga kwa macho?" Kumbe kilichomsubiri kilikuwa taulo jipya, limekunjwa vizuri juu ya kitanda cha wageni.

Asubuhi ya kwanza alizunguka nyuma ya nyumba kwenda kuuona mpeasi wake. Wake kweli, ulipandwa mwaka aliozaliwa. Umande ulikuwa umelowesha majani, fuko wamefukua vilima vyao pale pale walipovifukua siku zote, na harufu ya mnanaa wa kisimani ilimrudisha akawa na miaka sita. Chini ya mpeasi ule ndipo alipojifunza kutembea. Ndipo nyigu walipokuwa wakilewa peasi zilizooza, unamsukuma mmoja kwa kijiti naye anapepesuka tu kama mjomba arusini. Ndipo mama yake alipoketi na kisu akikata peasi za kukausha kwa ajili ya mkesha wa Krismasi, na yeye anaiba kipande kimoja katika kila vitatu, na mama anajifanya kipofu. Kule Italia, bibi wa watu akikosa usingizi, Nevena alikuwa akimsimulia mti huo tawi kwa tawi.

Alikuta kisiki.

"Baba! Mpeasi uko wapi?"

"Nimeukata."

"Umeukata? Mti wangu, baba? Bila hata kuniambia?"

Mzee alimtazama, kisha akawatazama kuku. "Nilikuambia," akasema. "Njoo unywe chai, itapoa."

Nevena alinuna wiki nzima. Alidhani akili ya mzee imeanza kuchanganyikiwa, na aliwajua wa namna hiyo, aliishi nao miaka na miaka. Aliyemtoa tongotongo ni jirani yao, bibi Stamena, ambaye ulimi wake haujawahi kuhitaji kunolewa. Bibi huyo aliegemea mkongojo wake upande wa pili wa ua.

"Bado unakizunguka hicho kisiki? Si wewe mwenyewe uliyesema ukatwe?"

"Mimi? Bibi Stamena, acha utani wako."

"Utani ninao gunia zima, lakini huu haumo. Mkesha wa mwaka jana. Si alikupigia simu?"

Nevena akageuka kukitazama kisiki.

Kule kwao mti ukigoma kuzaa hutishwa. Jioni ya mkesha wa Krismasi mtu mmoja husimama mbele yake na shoka, anauliza, nikate? Mwingine huutetea, usikate, mwakani utazaa. Mara tatu. Shoka linagusa gamba kidogo tu, watu wanacheka, wanaingia ndani kula. Lakini mtetezi lazima awepo, na mtetezi wa mpeasi ule alikuwa Nevena. Akiwa mdogo aliukumbatia akalia machozi ya kweli, hata mwaka mmoja baba yake alitupa shoka kwenye theluji akambeba begani hadi mezani. Alipoondoka, mama yake alishika zamu. Mama akafa.

"Nikashika mimi," alisema Stamena. "Kutoka hapa hapa uani. Radko, usikate, utazaa, na mwenyewe atarudi! Kila mwaka hivyo. Mwaka jana nikavunjika nyonga, nikawa hospitali mjini. Ningekuwepo mimi, ungekuwa na mti wako."

Yote yakamrudia. Jikoni kule Italia, samaki wanaungua kikaangoni, bibi wa watu anapiga kengele chumbani, wanawe na wageni wao wamejaa mezani, na simu imebanwa kati ya sikio na bega.

"Nevena, nimesimama hapa na shoka. Nikate?"

Naye akacheka. "Kata, baba. Mti wenyewe hauna kitu miaka sita sasa. Nitakununulia peasi."

"Nevena. Nikate?"

"Kata tu, nina kazi!"

Mara ya tatu sauti ya baba yake ilikuwa ndogo mno. "Nikate, mwanangu?"

"Jamani baba! Kata!" Akakata simu.

"Akaukata jioni ile ile," alisema Stamena, na kwa mara moja ulimi wake ulikosa makali. "Mzee wa miaka themanini na moja, peke yake. Nilipomuuliza, alinijibu, mwenyewe ameukana mara tatu. Basi hana chake tena hapa."

Nevena alikaa chini kwenye majani yaliyolowa, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Aliukana mti kwa sababu ya samaki. Angalau wangekuwa samaki wake.

Lakini kisiki kilikuwa kimechipua. Machipukizi manne manene, marefu hadi kiunoni, yenye ngozi nyekundu. Akayazungushia waya mbuzi wasiyafikie, akayasemesha kila asubuhi. Hakumwambia baba yake neno. Alisubiri mkesha, kwani kosa lilifanyika mkesha na dawa yake, alijiambia, ni mkesha.

Siku ilipofika alipika maharage, kabichi za kuviringisha, pilipili hoho za kujaza, boga, vyakula saba kama alivyopika mama yake. Peasi zilizokaushwa alizinunua dukani, na aibu ilimpata alipozimimina kwenye bakuli. Jua lilipokuwa linazama akaingia na shoka mkononi.

"Baba, twende tukautishe."

Mzee alivaa koti bila kuuliza. Mgeni akiomba kitu hakataliwi. Walisimama mbele ya kisiki, theluji inawafika vifundoni.

"Uliza, baba."

Mzee Radko aliinama akashika chipukizi moja, akageuza mwiba wake kwa kidole. "Huu ni mwitu, Nevena," akasema taratibu. "Mpeasi wako ulikuwa pandikizo. Kitawi nilikitoa kwa babu yako mzaa mama, nikakipandikiza juu ya mpeasi mwitu. Nilipokata, wako ulikwenda wote. Kinachoota hapa ni shina la chini. Litazaa vichungu, hata nguruwe hawavili."

"Tutachukua kitawi kingine kwa babu!"

"Kwa babu yako ni bwawa siku hizi. Kijiji chote kiko chini ya maji."

Nevena alipiga magoti. "Uliza tu, baba. Nakuomba."

Mzee aliinua shoka. "Nikate?"

"Usikate! Utazaa!"

"Nikate?"

"Usikate, baba, utazaa!"

"Nikate?"

"Usikate, usikate..."

Mzee alishusha shoka, akagusa gamba kidogo kama desturi inavyotaka. Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Vizuri," akasema. "Umesema vizuri. Mwaka jana nilingoja neno hilo mara tatu." Akamwinua, akampangusa theluji magotini, wakarudi ndani.

Mezani mwenye nyumba ndiye humega mkate, na kila kipande kina mwenyewe. Zamani, baada ya kipande cha mama kilifuata cha Nevena, naye alikidaka hakijafika mezani, akachapwa kikofi cha mapenzi. Alikaa pale pale pake. Ameshatetea. Ameshasamehewa, bila shaka.

"Cha Mama Maria," alisema mzee, akakiweka chini ya picha takatifu. "Cha nyumba. Cha marehemu." Hicho akakiweka kwenye sahani tupu ya mkewe. "Changu. Cha mbuzi na kuku."

Nevena alikuwa ameshanyoosha mkono. Mzee aliugeuza mkate, akatafuta upande wenye ukoko uliokauka vizuri, akamega kipande kikubwa kuliko vyote. Usoni hakuwa na chuki hata chembe. Akampa kwa mikono miwili.

"Cha mgeni," akasema. "Karibu ule."