Uso wa Asteria Uko Makambako

Picha ilipigwa Wanging'ombe, Jumanne moja ya Januari, saa nne asubuhi, viazi vya Asteria vikiwa ndiyo kwanza vinatoa maua. Lightness, anayeendesha kurasa za mtandaoni za kampuni moja ya mbegu ya Makambako, alishuka garini na beseni la viazi alivyonunua sokoni na kuviosha. Akampa Asteria avishike.

"Mama, cheka kidogo. Tunauza mbegu, hatuendi msibani."

Asteria akacheka. Picha ikapandishwa: MBEGU YETU IMEMFUTA MACHOZI. Hadi jioni ilikuwa na laiki elfu tisa, na kicheko hakikumtoka Asteria usoni. Alilala nacho, akaamka nacho, akala nacho kwa tabu kidogo, maana mdomo haukufunga na maharage yalimponyoka.

Wiki tatu baadaye shamba zima likanyauka. Ukikata kiazi, kinatoa usaha mweupe. Bwana shamba alisema ugonjwa umekuja ndani ya mbegu yenyewe, kisha akamtazama mwenye shamba. "Ila mama, naona jambo hili umelipokea vizuri." Akaandika kwenye fomu: mkulima ameridhika.

Asteria akapanda Noah hadi Makambako. Lightness hakushangaa. Mzee mmoja wa Igwachanya alikuwa ameinua dole gumba tangu tangazo la mwaka juzi, na hata ng'ombe anawakamua hivyo hivyo.

"Picha ikiondolewa mtandaoni, uso unarudi," alisema Lightness. "Sasa nitaitoaje, mama? Ndiyo inayotembea kuliko zote. Bosi anaiweka mpaka kwenye kalenda."

"Mwanangu, mbegu yenu imeniua. Waambieni wengine wasipande."

"Andika kwenye maoni, tutakujibu."

Aliandika pale pale. Jibu lilimkuta mlangoni: Asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu. Na ua jekundu.

Akamfuata Ambrosi wa Njombe, mwenye ukurasa wa habari. Asteria alieleza mbele ya simu yake dakika ishirini, kuhusu mbegu, usaha na ekari tatu. Ambrosi alibakiza sekunde kumi na moja. MKULIMA ACHEKA HASARA YA EKARI TATU, TAZAMA. Watu walimsifu kwa moyo wa chuma. Kampuni ikaiazima video, ikaitia muziki, ikaondoa neno hasara.

Aprili mama yake alifariki. Asteria alilia kama mtoto yeyote wa marehemu, machozi yakamwingia kinywani kilicho wazi. Mchungaji alimwomba tu akae upande wa wapishi, asiwachanganye waombolezaji. Akakaa, akamenya viazi.

Novemba, bodaboda ilimshusha wifi yake Rebeka na magunia mawili ya mbegu ile ile.

"Kamwene, wifi!"

"Kamwene. Nimekuambia mara ngapi hiyo mbegu ni kifo?"

"Acha choyo. Ikunenepeshe mashavu wewe, sisi tubaki na mifupa?"

"Nitazame machoni, Rebeka."

Rebeka akamtazama machoni. Utani ukamwishia, akashusha gunia taratibu. Kisha akatoa simu, akautafuta uso ule ule, safi, wenye laiki elfu arobaini, akaulinganisha na huu ulio mbele yake.

"Huku unaonekana vizuri zaidi," alisema.

Asteria akachukua jembe, akamsaidia kupanda. Wifi ni wifi, na mvua haingoji watu waelewane.

Januari maua yakatoka. Gari la Makambako likaegeshwa kandokando ya shamba, Lightness akashusha beseni la viazi vilivyooshwa. Rebeka alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Asteria alimshika mkono, akamwambia asicheke, chochote atakachoambiwa, asicheke.

Rebeka akatazama uso uliokuwa ukimwambia hivyo, akacheka.