Gari Lenye Adabu la Mwalimu Kimeu

Mutheu alikuwa na siku tisa tu za kupata leseni ya kuendesha gari, na siku tano kati ya hizo akazimalizia kwa Mwalimu Kimeu. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, ingawa wakati huo yeye aliona ni bahati.

Ilikuwa hivi. Mwaka huo wa tisini na sita, dereva wa maziwa wa shamba la Mukonyo kule Kalimoni aliamka asubuhi moja akatangaza ameokoka, akafunga nguo zake akaenda kuhubiri Machakos. Pikapu na mikebe ya maziwa vikabaki vikitazamana. Mutheu alikuwa mkamaji hapo, mwaka wa saba sasa, kila siku saa kumi alfajiri amejikunja chini ya ng'ombe. Mshahara wa dereva ulikuwa mara mbili ya wake, na mwanawe Muoki alikuwa anaingia sekondari mwakani. Akamwendea Mukonyo, akamwambia waziwazi kwamba anaitaka kazi hiyo.

Mukonyo alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe? Maziwa yangu?" Akapangusa macho. "Haya, Mama Muoki. Niletee leseni kufikia Jumatatu ya wiki ijayo. Usipoleta, kazi ni ya Karuri."

Karuri alikuwa mpwa wake. Kijana alikuwa amemaliza shule miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hakuwa amemaliza kitu kingine chochote.

Basi Mutheu akakimbilia Ruiru, kwa sababu huko kulikuwa na bango kubwa lililosema: KIMEU DRAIVING SKUL, HATUANGUSHI MTU. Na kweli, hakuna mwanafunzi wa Kimeu aliyewahi kuanguka. Lakini sababu yake haikuandikwa kwenye bango. Mpimaji wa zamani wa madereva huko Thika hakuwa mtu wa kupanda magari ya wenyewe. Alipimia watu hotelini, sahani ya nyama ikiwa mbele yake, na yeyote aliyelipia nyama alikuwa anajua kuendesha.

Sasa hilo gari. Kilikuwa kigari cha buluu ambacho Kimeu alinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Lilikuwa limeundwa lijizime lenyewe kila likisimama, lisichome mafuta bure, na dereva akikanyaga klachi lijiwashe tena. Ni hayo tu, hakuna uchawi. Kulikuwa na kitabu cha maelezo mle ndani, lakini kiliandikwa kwa lugha ya huko kwao, na Kimeu hakuwa mtu wa kuuliza. Siku ya kwanza lilipomzimikia katikati ya Ruiru, vijana walikuja kulisukuma kabla hata hajawaita, na lilipowaka wakadai ya soda. Akalipeleka kwa Waleed, fundi wa Mwiki. Waleed akabadilisha plagi, akabadilisha betri, halafu akatafuta kabureta, akaikosa, akasema basi hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Mtu mwingine angeliuza. Kimeu aligundua kwamba tangu alinunue, mafuta ya siku moja yanakwenda siku mbili. Akakaa akafikiria, akatoka na falsafa.

"Injini ya maana inapumzika," aliwaambia wanafunzi, chaki mkononi. "Ukisimama, inanyamaza. Injini ya kunguruma kwa junction haijafunzwa adabu! Andikeni hiyo."

Wakaandika. Mutheu aliandika kwenye daftari kuukuu la Muoki, akapiga mstari kwa rula. Simama. Gia katikati. Toa mguu kwa klachi, ungoje kimya. Barabara ikiwa wazi, kanyaga klachi, ungoje iamke. Usiku alikuwa analala akikanyaga klachi kwa blanketi. Na wacha niseme ukweli, mama huyo alikuwa na mkono. Siku ya tatu alikuwa anarudi nyuma kati ya mikokoteni ya soko la Ruiru bila kumgusa mtu, na wenye mikokoteni wakaacha kumtukana.

Alhamisi wakaenda Thika kupimwa. Walikuwa wawili siku hiyo, Mutheu na Yahya, mwenye duka la chakula cha kuku huko Kiuu. Yahya hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ameshatafuta hoteli nzuri.

Lakini mpimaji wa zamani alikuwa amehamishwa. Mahali pake alisimama mama mrefu, viatu vinang'aa, jina lake Inspekta Perez wa polisi wa trafiki. Kimeu akamsogelea kwa tabasamu lake la kazi.

"Habari ya asubuhi, madam. Umekunywa chai kweli?"

"Nimekunywa nyumbani kwangu," Perez akajibu. "Nani wa kwanza?"

Tabasamu la Kimeu likaisha. Yahya akaingia kwa gari, Perez akakaa kando yake, wakaondoka. Hawakufika mbali. Pale kwenye makutano ya kwanza, mbele ya macho ya Mutheu, kigari kikasimama, kikanyamaza kimya.

"Umezima gari," Perez akasema.

"Sijazima, madam. Imepumzika."

"Imefanya nini?"

"Imepumzika kidogo. Itaamka tu."

Perez akaandika kitu kwenye karatasi yake, akashuka, akarudi kwa miguu. Akamkuta Kimeu.

"Mwalimu, gari yako ni mbovu."

"Si mbovu, madam. Iko na adabu."

Perez akageuka. Kulikuwa na shule nyingine hapo, imeleta pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa. Akaomba funguo. "Anayefuata atatumia hii," akasema, na aliyefuata alikuwa Mutheu.

Mutheu akaomba Mungu kwa Kikamba, akawasha, akatoka. Na akaendesha! Akapisha mkokoteni wa ndizi, akapita mbuzi watatu waliokuwa wanajadiliana katikati ya barabara, akazunguka kiplefti bila kutikisika. Perez akaacha kushikilia mlango. Yote yalikuwa sawa mpaka walipofika makutano.

Alisimama. Akaweka gia katikati. Akatoa mguu kwa klachi, akangoja kimya.

Kimya hakikuja. Pikapu ilinguruma pale pale, ikitetemeka mpaka kioo kikacheza. Mutheu akangoja tena. Hakuwahi kusikia gari likipiga kelele hivyo likiwa limesimama na yeye yuko ndani, akaona aibu kubwa mbele ya afisa wa serikali. Kwa hivyo akafanya alichoona ni heshima. Akazungusha ufunguo, akaizima.

"Pole, madam," akasema. "Hii gari ya wenyewe haijafunzwa."

Barabara ikawa wazi. Mutheu akakanyaga klachi na kungoja. Nyuma yao lori likapiga honi, halafu matatu mbili zikapiga, halafu mtu akatoa kichwa dirishani akasema maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

"Unangoja nini?" Perez akauliza.

"Nangoja iamke."

"Nani aiamshe?"

"Si yenyewe, madam?"

Inspekta Perez akafunga macho. Alipoyafungua akazungumza polepole, bila hasira. "Mama, unaendesha vizuri kuliko watu wote niliopima wiki hii. Lakini siwezi kukupa leseni ya kungojea miujiza. Uje tena baada ya mwezi."

Mwezi! Jumatatu ilikuwa siku nne tu mbele. Mutheu alishuka pale akatembea mpaka kwa Kimeu, na wale waliokuwa Thika siku hiyo walimsikia.

"Umenifundisha gari moja tu duniani! Moja! Hiyo ingine yote naendesha aje?"

"Tulia, mwanaasya, dada yangu," Kimeu akasema, huku akirudi nyuma. "Hizo zao ni za zamani. Iko siku gari zote zitakuwa kama yangu. Utanikumbuka."

"Nitakukumbuka Jumatatu," Mutheu akamwambia, akalia njia yote mpaka Kalimoni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Jumatatu Karuri akafika na leseni. Kijitabu chekundu, kipya kabisa, picha yake ikicheka ndani. Hakuna mtu aliyewahi kumwona Karuri akishika usukani, na alipoushika asubuhi hiyo walielewa kwa nini. Alitoa pikapu kwenye banda akaipeleka moja kwa moja kwenye birika la maji ya ng'ombe. Mukonyo akashika kichwa.

"Ngai fafa, Mungu wangu! Mama Muoki! Hebu msaidie huyu. Msaidie tu kidogo mpaka azoee."

Hivyo ndivyo Mutheu alivyoanza kuendesha pikapu ya maziwa, kwa mshahara wa mkamaji. Alikuwa anakamua kwanza, kisha anaosha mikono, kisha anaendesha mpaka Thika. Siku moja tu ilimtosha kujua kwamba injini hunguruma ikiwa imesimama na hakuna anayefungwa kwa hilo. Karuri alikaa kando yake, miwani nyeusi machoni, leseni mfukoni mwa shati. Wawili hao wakawa dereva mmoja. Mutheu alitoa mikono na miguu, Karuri akatoa kijitabu. Wiki mbili zikapita, na Karuri hakuzoea chochote isipokuwa kulala njiani.

Siku ya kumi na tano wakakuta kizuizi cha polisi karibu na Thika. Mbele ya kizuizi alisimama mama mrefu, viatu vinang'aa. Mutheu akapunguza mwendo, akasimama.

"Leseni," Perez akasema.

Karuri akanyoosha mkono kupita mbele ya Mutheu, akatoa kijitabu. Perez akaangalia picha, akaangalia usukani, akaangalia picha tena.

"Dereva ni nani hapa?"

"Ni mimi, madam," Karuri akasema.

"Na huyu?"

"Huyu ananishikia tu usukani."

"Sawa. Hamia huku sasa uushike mwenyewe. Nataka kuona ukitoka hapa."

Wakabadilishana viti. Karuri akavua miwani. Akaangalia ile gia, akaangalia chini kwenye miguu, akainamisha kichwa kwa Mutheu na kumnong'oneza, "Mama Muoki, naanza na gani? Niambie haraka!"

Mutheu alijua. Neno moja tu lingetosha, Karuri angeruka hatua kumi, Perez labda angechoka na kuwaachilia, na kesho mambo yangeendelea vile vile. Mwezi ujao vile vile. Alikuwa amemwambia kijana huyu neno moja moja kwa wiki mbili, na alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Uliza leseni yako," akamwambia.

Pikapu ikaruka, ikazima. Ikawashwa, ikaruka tena, mikebe ikagongana nyuma na mfuniko mmoja ukafunguka. Maziwa yakaanza kushuka kwenye lami. Askari wa kizuizi wakaacha kazi wakaja kutazama. Mara ya nne ilipozima, Perez akafungua mlango, akatia kile kijitabu chekundu mfukoni mwake, akamwambia Karuri, "Panda nyuma ushikilie mikebe. Ya leseni yako tutaongea ofisini, na mtu aliyekupatia." Kisha akamgeukia Mutheu. "Na wewe unaendesha bila leseni. Nikufunge?"

"Nifunge, madam." Akaonyesha mikebe kwa kidole. "Lakini kwanza niache nifikishe maziwa. Yakikaa hapa na hili jua yataharibika. Kuna mtu ameyakamua tangu saa kumi asubuhi, na huyo mtu ni mimi. Halafu nitakuja mwenyewe unifunge."

Perez akamwita mmoja wa askari, akachukua karatasi za kupimia na kalamu, akaingia akakaa mahali Karuri alipozoea kulala.

"Endesha," akasema. "Nakupima. Ukikosea moja, sijui maziwa, sijui ng'ombe."

Mutheu akatoka. Alipisha waliopaswa kupishwa, akapunguza mwendo kwenye matuta kwa sababu ya mikebe, na kidogo kwa sababu ya Karuri. Wakafika makutano. Ni yale yale. Akasimama, akaweka gia katikati, na pikapu ikanguruma kama kawaida yake. Mkono wake wa kulia ukaanza kwenda kwenye ufunguo wenyewe. Akauchukua akaukalia.

"Inapiga kelele," akasema kwa sauti ndogo.

"Iache ipige," Perez akasema.

Barabara ikawa wazi, wakaenda. Kwenye lango la kiwanda cha maziwa Perez akaandika jina lake kamili, Mutheu wa Kilonzo, akatia sahihi, na Mutheu akapiga kigelegele ndani ya pikapu mpaka mlinzi wa lango akatoka mbio kuona nani ameolewa.

Jioni hiyo Mukonyo alikuwa amesimama karibu na birika. Aliisoma ile karatasi mbele na nyuma, akatafuta kosa, hakulipata. Karuri alikuwa ameketi kwenye jiwe, maziwa yamekauka kwenye suruali yake.

"Haya," Mukonyo akasema mwishowe. "Kazi ni yako. Mshahara pia ni wa dereva, nimekubali. Lakini huyu kijana, Mama Muoki, nimfanyie nini? Hata wewe si utamfundisha kitu?"

"Nitamfundisha," Mutheu akasema. "Aje kesho saa kumi asubuhi na ndoo. Nina ng'ombe kumi na wanne na sasa hawana mtu."