Magodoro ya Kinya

Askari wa soko walipakia godoro la sita kwenye pikapu saa nane kasorobo, watu wakiwa wameshaanza kuketi. Mutegi, kiongozi wa kundi la sarakasi, alisimama na leseni mkononi. Alivaa suruali yake ya kumetameta na masweta mawili juu, kwa maana Jumapili hiyo baridi ya mlima ilikuwa imeteremka mpaka sokoni Karaani.

"Bosi, hebu isome tena," alimwambia Mbae, afisa wa leseni. "Imeandikwa sarakasi. Iko na muhuri."

"Nimesoma. Sarakasi ni sawa. Lakini mko na spika, na spika ni muziki. Muziki uko na leseni yake."

"Basi chukueni spika."

Mbae aliitazama ile spika, akaona jina la parokia limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, akageuza macho. Nani angethubutu kushika spika ya padri, tena misa imeisha punde tu? Magodoro hayakuwa na mwenyewe wa kuogopwa. Yalikuwa magodoro ya bweni yaliyoshonewa ndani ya magunia ya kahawa, na bila hayo Kinya, mrukaji wao, hakuwa na pa kuangukia.

"Kesho mje ofisini," Mbae alisema. "Na leo msifute onyesho. Watoto wangu wameongea hiyo maneno wiki yote."

Unamwona mtu huyo? Akajichukulia viti vinne vya mbele, akaketi na mkewe na wasichana wake wawili. Pikapu ikabaki imeegeshwa pale pale kando ya uwanja, magodoro yamejaa nyuma.

Nyuma ya turubai, Kinya alikuwa akijifunga bendeji miguuni. Ni dada mdogo wa Mutegi, na ndiye anayesimama juu ya wenzake wote kisha akaruka. Mwaka jana, wakiwa Kiritiri, godoro moja liliteleza akaangukia shingo. Alilala hospitalini wiki sita akitazama dari, na Mutegi ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko. Alikuwa hajasahau hata siku moja.

"Leo huruki," alimwambia.

"Brathe, mimi ndio niko kwa bango. Hao wamama wametoka mpaka Nkubu na watoto kwa sababu ya hiyo bango. Nikikosa kuruka, nani atatuita tena?"

"Hiyo ni changarawe, Kinya. Iko na mawe."

"Nitaanguka na miguu. Wewe niambie tu wakati."

Katika kazi yao, aliye juu haoni kitu isipokuwa mawingu. Anayejua kama mnara umetulia ni wa chini, anayehisi kila mguu begani mwake, na wa juu haruki mpaka wa chini aseme "enda." Neno hilo lilikuwa la Mutegi. Kwa miaka tisa Kinya hakuwahi kuruka kwa neno la mtu mwingine.

Onyesho lilianza vizuri. Ndwiga alipita ndani ya pete ya moto, Gachoki akatembea kwa mikono huku sufuria zikiwa kwenye nyayo zake, na watoto wakacheka mpaka wengine wakashikwa na kwikwi. Mutegi hakucheka. Kila alipogeuka aliona mawe.

Kisha ikafika zamu ya mnara. Wanaume watatu chini, Mutegi katikati, wawili juu yao, halafu Kinya akapanda, mguu kwenye paja, mguu kwenye bega, mpaka akasimama juu kabisa na mikono wazi. Mutegi aliusikia uzito ukitulia, mnara umekaa sawasawa, wakati wa kusema umefika. Akafunga mdomo.

"Brathe?" Kinya aliita kutoka juu, polepole.

Magoti ya Gachoki, aliyekuwa kulia, yalianza kutetemeka. "Mutegi, sema ama tushuke," alinong'ona.

Mutegi aliyatazama tena yale mawe. Akisema, huenda dada yake akasimama, huenda asisimame tena maisha yake yote. Asiposema, jina lao limekwisha barabara hiyo yote mpaka Embu.

"Endeleeni bwana," Mbae alipaza sauti akitabasamu. "Watoto wanangoja."

"Tunangoja magodoro, bosi," Mutegi alijibu.

Msichana mdogo wa Mbae, Kananu, akamgeukia babake. Bado hakuwa amejifunza kunong'ona. "Baba, si ni zile ziko kwa gari yako?"

Watu waligeuza shingo kuitazama pikapu, kisha wakamtazama Mbae. Mkewe akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

Mbae akasimama. Usidhani alisimama ili ayarudishe. Alitoa kitabu cha fomu mfukoni mwa koti, akasafisha koo.

"Onyesho limefungwa," alitangaza. "Hawa watu hawana vifaa vya usalama. Mtu anaweza kuumia hapa mbele ya watoto."

"Kinya, shuka," Mutegi alisema.

Alishuka alivyopanda, bega, paja, chini. Alikuwa akilia kwa hasira, na hakutaka kumtazama kakake. Lakini alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na Mutegi alishukuru kimoyomoyo.

Mbae alijaza fomu juu ya boneti ya pikapu: kuendesha sarakasi bila magodoro. "Weka sahihi hapa. Na hapa maelezo ya mshtakiwa, kama uko nayo."

Mutegi alikuwa nayo. Aliinama akaandika taratibu, kwa herufi kubwa ili asije akasingiziwa: MAGODORO YETU SITA YAKO NDANI YA GARI HII. AFISA ALIYACHUKUA KABLA YA SAA NANE.

Mbae alisoma, akanyoosha mkono upesi aichane karatasi. Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya akina mama wa kanisa, mtoto amelala mgongoni, akaikandamiza kwa kiganja.

"Kalamu usiweke bado," alimwambia Mutegi. "Shahidi anaandika wapi?"