Vidonge vya Kipupwe

Watu wa Lumuma wanaamini presha ni ugonjwa wa joto. Jua likiwaka damu huchemka. Kipupwe kikiingia damu hupoa, na dawa nazo hupumzishwa. Hildegarda, muuguzi wa zahanati, alishachoka kubishana nao. Rejesta ya miaka sita ilimwonyesha kinyume: wengi waliopigwa na kiharusi waliletwa Juni, Julai na Agosti, asubuhi, miguu ingali na tope la bustani za vitunguu.

Basi mwaka huu, Mei ilipoisha, akawa mkali. Kila mwenye presha alete vidonge vyake vihesabiwe mezani, mbele ya wenzake. Walinung'unika, lakini walimeza.

Mmoja tu hakuhesabiwa: Mzee Gabrieli, baba yake mzazi. Binti gani atapekua sanduku la baba yake? Kila asubuhi alipita kumwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Dawa umekunywa?"

"Wewe nenda kazini, wagonjwa wanakusubiri."

Naye alienda. Moyo ulimsuta, lakini mzazi akishajibu haulizwi mara ya pili. Mganga hajigangi, wamesema wahenga. Kumbe na wa kwao huwa hawagangi.

Wiki ya pili ya Julai, zamu ya maji ya mzee iliangukia alfajiri. Aliingia mferejini magoti wazi, maji yanauma hadi kwenye mifupa. Jirani yake, Lukasi, alimkuta ameketi kwenye tuta, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala, na maji yanafurika juu ya vitunguu.

Siku ya tatu Hildegarda alifungua lile sanduku, akitafuta shuka za kupeleka hospitali. Chini ya shuka zilikuwepo pakiti za Juni na Julai, hazijaguswa, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa safi.

"Aliniambia anaziweka akiba ya Oktoba," Lukasi, aliyekuja kumsaidia kubeba, alisema taratibu. "Jua likikaza, awe anakunywa mbili mbili."

Hildegarda alikaa sakafuni akalia. Vidonge vya kata nzima alivihesabu yeye.

Sasa mzee yuko nyumbani. Kila asubuhi binti yake huja na kidonge kiganjani, lakini kwanza humwamkia.

"Shikamoo, baba."

Mzee humkazia macho. Midomo inahangaika, "ma" inatoka, iliyobaki haitoki. Hildegarda husimama palepale akisubiri, maana mtoto haondoki kabla hajaitikiwa, hata zahanati ichelewe kufunguliwa.