Makayabu Chini ya Meza

Kwa akina Joyeuse mgonjwa haambiwi ugonjwa wake. Anaambiwa atapona, basi. Ndivyo walivyolelewa kule Masisi, ndivyo walivyoishi miaka yote ya ukimbizi kambini Rwanda, na waliposhuka uwanja wa ndege wa Minneapolis desturi hiyo waliibeba pamoja na masufuria. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Joyeuse aliijua methali hiyo vizuri sana, ila aliiona inawahusu watu wengine.

Sasa mbwa. Mbwa alikuwa wa Alfred, mzee wa Kimarekani waliyepakana naye ukuta kwa ukuta pale Brooklyn Park. Alfred alipohamishiwa nyumba ya wazee kule Champlin, ambako Joyeuse hufanya kazi ya kuogesha na kulisha wazee, alimshika mkono akalia machozi: mbwa wangu ataenda wapi? Joyeuse ana moyo mwepesi, akasema atakuja kwetu. Lo! Mama yake, Nyiraneza, alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Mbwa ndani ya nyumba? Na alale wapi, kitandani kwangu?" Mwezi haukuisha, mbwa alikuwa analala kitandani kwake.

Mama alimwita Mzee, kwa ajili ya mvi za mdomoni na jinsi alivyoinuka: miguu ya mbele kwanza, kituo, halafu ya nyuma, na guno moja refu. "Huyu ni mimi kabisa," mama alisema, akijishika magoti.

Joyeuse alipompeleka Mzee kwa daktari wa wanyama alirudi na habari mbili. Ya kwanza ilikuwa baridi yabisi ya nyonga na magoti, na hiyo aliisema. Mzee apunguzwe uzito, atembezwe kidogo kidogo kila siku, alale mahali laini, na sakafu ya utelezi itandikwe. Mama alifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Alitandaza blanketi kuukuu kuanzia jikoni hadi sebuleni. Kila asubuhi alichovya taulo kwenye maji ya moto akamkanda Mzee nyonga, kisha akajikanda magoti kwa taulo lile lile, huku akimwambia, "Pole mwenzangu. Baridi ya huku haina adabu."

Habari ya pili ilikuwa ya moyo. Damu ilikuwa inarudi nyuma kwenye moyo wa Mzee, moyo umetanuka, na maji yangeweza kujaa mapafuni. Vidonge vipo, daktari alisema. Akivimeza kila siku na asionje chumvi, ana muda mzuri mbele yake. Mtazame anavyopumua akiwa amelala, na pumzi zikienda mbio mlete haraka. Hiyo Joyeuse hakuisema. Angeisemaje? Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa mama yake, na hata vidonge vya kutoa maji vilikuwa vile vile. Amwambie mama kwamba mbwa ana moyo kama wako? Akasema vidonge ni vya magoti.

Na la mama mwenyewe alikuwa amelipunguza zamani. Hospitali walitaka kumleta mkalimani, Joyeuse akakataa katakata: mimi ni binti yake, nitamweleza. Daktari aliongea kwa kirefu, mkono kifuani. Joyeuse akamgeukia mama. "Anasema meza dawa, acha chumvi, utapona." Kaka yake Joyeuse, Byamungu, aliyebaki kambini na wanawe, akipiga simu kuuliza, naye alipewa kipimo hicho hicho: mama anaendelea vizuri.

Mama aliahidi kuacha chumvi, na Nyiraneza akiahidi, ameahidi. Miguu yake iliyovimba ilianza kunywea. Joyeuse alimshukuru Mungu.

Balaa ni wageni. Akina mama wa kanisani, wakiongozwa na Ernestine, walikuja kila Jumapili kumwona mgonjwa, na kwa mgonjwa huendi mikono mitupu. Walileta makayabu, wale samaki wa chumvi, wamepikwa kwa nyanya na mawese mpaka jirani wa tatu anajua. Kukataa chakula alichokupikia mgeni ni kumfukuza. Kukitupa, kwa mtu aliyepanga foleni ya mahindi kambini, ni dhambi. Kukila, ameahidi. Hebu niambie, wewe ungefanyaje? Mama alisema aksanti sana, nitakula mkiondoka. Wakaondoka. Joyeuse alikuwa kazini. Mama akamtazama Mzee, na Mzee, ambaye chakula chake cha makopo hakikuwa na ladha ya chochote, akamtazama mama.

Januari Mzee alianza kukohoa. Daktari wa wanyama akauliza, anapata chochote cha chumvi? Joyeuse akaapa kwamba hapati hata punje. Akaongezewa dawa.

Jumapili moja ya Februari Joyeuse alirudi kutoka kazini akamkuta Mzee amesimama katikati ya sebule, shingo kainyoosha, mbavu zinakwenda juu chini, ulimi umeingia ubluu. Hakutaka kulala. Mama alikuwa amepiga magoti yake mabovu kando yake, taulo la moto mkononi.

"Magoti yamemzidia," mama alisema. "Lakini amekula vizuri leo! Makayabu yote ya Ernestine kayamaliza."

"Yote?" Joyeuse alipiga ukelele. "Mama, umempa makayabu? Tangu lini?"

"Tangu walipoanza kuyaleta. Ulinikataza mimi, nami sijaonja. Kwani samaki anamfanya nini mgonjwa wa magoti?"

Hata hapo, jamani, hata hapo Joyeuse hakusema.

Walimbeba kwa blanketi hadi garini. Kliniki ya wanyama iliyokuwa wazi Jumapili ilikuwa Oakdale, upande wa pili wa mji, na barabara ilikuwa nyeupe kwa theluji, magari yakitambaa. Mama alikaa kiti cha nyuma, kichwa cha Mzee mapajani, akimwomba Mungu kwa Kinyarwanda. Joyeuse alizisikia pumzi zile njia nzima. Alilia kimya kimya, akijifanya anafuta kamasi za baridi.

Wakamwingiza Mzee ndani, wakampa hewa, wakamchoma sindano. Haikuchukua muda. Daktari alitoka na mkanda wa shingoni wa Mzee, akainama mbele ya mama, akaongea polepole kwa Kiingereza, kiganja kifuani, akakifumba na kukifumbua.

"Anasema ni uzee, mama," Joyeuse alitafsiri. "Na magoti."

Mama aliutazama mkono wa daktari. "Magoti yako kifuani?"

Walirudi garini, Joyeuse akawasha joto, lakini hakuondoka. Mama alikaa mbele safari hii, mkanda wa Mzee mikononi.

"Ni samaki wangu aliyemuua?"

"Ni moyo, mama. Chumvi ilimjaza maji. Ni ugonjwa kama wako."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza nilipompeleka."

Mama alilia kwa sauti, kilio cha msibani, mtu mzima na mbwa wake. "Ningewatupa wale samaki," alisema. "Ernestine angeninunia mpaka kaburini, ningewatupa! Kwa Mzee ningewatupa. Umenifanya nimuue kwa mkono wangu mwenyewe, Joyeuse, na yeye akiulamba."

"Nisamehe, mama. Sikutaka uogope."

"Mimi nimezika watoto wawili na mume. Niogope nini?" Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akageuka kumkabili binti yake. "Daktari wangu naye alishika kifua hivi hivi. Alisema maneno mengi, wewe ukanipa matatu. Sasa nipe yaliyobaki."

Joyeuse alizima gari. Akayasema yote, macho kwenye usukani: kwamba moyo umechoka na hautarudi ulivyokuwa, kwamba vidonge vinasogeza siku tu, haviponyi, kwamba daktari alisema kama kuna mtu mama anataka kumwona, au kuzungumza naye, asingoje. Hakupunguza neno.

Mama alikuwa anachomoa manyoya ya Mzee yaliyonasa kwenye mkanda, moja moja, na kuyaweka kiganjani.

"Mpigie Byamungu," alisema.

"Kule wameshalala, mama."

"Mwamshe. Na akipokea, usimwambie naendelea vizuri."